Sura ya Sita: Neosho, Mnyweshaji wa Manowari

Jumamosi ya tarehe 6 Desemba 1941, meli ya mafuta ya Jeshi la Wanamaji la Marekani iliyoitwa Neosho iliingia bandari ya Pearl Harbor, Hawaii, ikiwa na shehena ya petroli ya ndege. Ilifunga gati kwenye kisiwa cha Ford, katikati ya bandari, ikapampu mafuta kwenda kwenye matangi ya kituo cha ndege cha wanamaji. Pande zake zote mbili zilijipanga manowari kubwa za mizinga, fahari ya kikosi cha Pasifiki: huku California, kule Maryland na Oklahoma, na nyuma yao nyingine zaidi. Katika msururu ule wa chuma na mizinga, meli ya hatari kuliko zote ilikuwa hiyo ambayo haikuja kupigana. Bomu moja likiipata petroli, bandari nzima ingewaka.

Meli za aina hii hazina wasimulizi. Anayesoma habari za Vita vya Pili vya Dunia atakutana na Bismarck, Yamato na Enterprise katika kila kitabu, lakini ni nadra aelezwe manowari hizo zilikula nini ili zitembee. Zilikula mafuta mazito ya boila, na zilikula bila huruma. Manowari ndogo za kusindikiza, zikikimbia kwa kasi ya vita, zilihitaji kujazwa tena baada ya siku chache tu. Kwenye Bahari ya Pasifiki, ambako kutoka bandari moja hadi nyingine ni safari ya maelfu ya kilomita, aliyeshika mpira wa mafuta ndiye aliyeamua vita vifike wapi.

Neosho ilijengwa Kearny, jimbo la New Jersey, na kampuni ya Federal Shipbuilding. Mkuku wake uliwekwa Juni 1938, ikashushwa majini Aprili 1939, na tarehe 7 Agosti mwaka huohuo ikapandishwa bendera ya jeshi, chini ya mwezi mmoja kabla Ujerumani haijaivamia Poland. Urefu wake ulikuwa mita 168 na uchache. Ikijaa, ilikuwa na uzito wa takriban tani 25,000, na matangi yake yalichukua zaidi ya mapipa 140,000, yaani lita zisizopungua milioni 22. Jina ilipewa la mto unaopita Kansas na Oklahoma, kwa kuwa Wamarekani walikuwa na desturi ya kuziita meli zao za mafuta kwa majina ya mito.

Ukubwa huo haukuwa ajabu. Ajabu ilikuwa mwendo. Meli za mafuta za kizazi kilichotangulia zilijikongoja kwa kilomita kama 24 kwa saa, hata manowari zilizozisindikiza zikawa kama zinatembea na mzee. Neosho na dada zake kumi na mmoja walifikia kilomita 33 kwa saa. Chanzo chake kilikuwa mapatano ya kijanja ya miaka ya 1930: kampuni ya mafuta ya Standard Oil ilitaka meli mpya za biashara, na serikali ikakubali kubeba gharama ya kuzitia mitambo mikubwa kuliko biashara ilivyohitaji, ili siku vita vikija jeshi lizichukue. Mfanyabiashara hana haja ya mwendo huo, maana unakula mafuta yaleyale anayotaka kuyauza. Jeshi lilikuwa na haja nao, na lilijua kwa nini.

Aliyejua zaidi ni Chester Nimitz. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, Nimitz alikuwa ofisa mtendaji na mhandisi mkuu wa meli ya mafuta Maumee. Manowari ndogo za Kimarekani zilitakiwa kuvuka Atlantiki hadi Ireland kupambana na nyambizi za Wajerumani, lakini matangi yao hayakutosha safari. Nimitz na wenzake wakabuni namna ya kuzinywesha njiani: meli mbili zikienda sambamba, kamba ya kuvutia kati yao, na mpira wa mafuta ukining'inizwa juu ya maji yanayofoka katikati. Tarehe 28 Mei 1917 manowari ya kwanza ilijazwa katikati ya bahari, na hadi mwanzoni mwa Julai manowari 34 zilikwisha kupata mafuta kwa njia hiyo. Zoezi hilo lilihitaji mikono thabiti na mioyo mikavu, kwani manahodha wawili walipaswa kushika mwendo mmoja na mwelekeo mmoja kwa saa nzima, na usukani ukiteleza kidogo tu meli zingegongana. Robo karne baadaye, kijana huyo wa Maumee alikuwa amiri wa kikosi chote cha Pasifiki, na vita alivyokabidhiwa visingeweza kupiganwa hata wiki moja bila ujuzi ule.

Hadi Julai 1941 Neosho ilikwisha kufanyiwa marekebisho ya kijeshi huko Puget Sound, ikawa inapeleka petroli ya ndege kutoka pwani ya magharibi ya Marekani hadi Hawaii. Kazi ya kwenda na kurudi, isiyo na la kusimulia. Na ndivyo ilivyofika kisiwa cha Ford siku ile ya Jumamosi.

Ndege za Wajapani zilitokea Jumapili, saa 1:55 asubuhi. Miongoni mwa viongozi wa wimbi la kwanza alikuwa Luteni Kamanda Kakuichi Takahashi wa meli ya kubeba ndege Shokaku, aliyeongoza ndege za kuangusha mabomu kwa kupiga mbizi. Shabaha zake zilikuwa viwanja vya ndege, kikiwemo cha kisiwa cha Ford, upande wa pili tu wa mahali ilipofungwa Neosho. Msomaji alishike jina hilo, kwa maana Takahashi na meli hii walikuwa hawajamalizana.

Ndani ya dakika chache tu Oklahoma ilikwisha kupasuliwa kwa topido na kupinduka. Arizona ililipuka, ikafa na watu 1,177. Nahodha wa Neosho, Kamanda John S. Phillips, alikuwa na uamuzi mmoja mbele yake. Akibaki gatini, bomu litakaloikosa manowari jirani huenda likaangukia kwake, naye ataunguza hata walionusurika. Akiondoka, lazima aisogeze meli ya mita 168 kinyumenyume, bila boti ya kuivuta, katika mkondo mwembamba uliojaa moshi, mafuta na meli iliyopinduka.

Aliondoka. Kamba zikakatwa, na saa 2:42 Neosho ikaanza kurudi nyuma, ikipita karibu na tumbo la Oklahoma lililoelekea mbinguni, huku wapiga bunduki wake wakifyatua kuelekea juu. Ikavuka bandari na kujitenga upande wa Merry Point. Watu watatu walijeruhiwa, hakuna aliyekufa. Phillips alitunukiwa medali ya Msalaba wa Wanamaji.

Hapo pana jambo la kutafakari. Ndege za Wajapani zilipita juu ya Neosho mara kwa mara, na nyingine ziliipita chini sana, ila karibu hakuna aliyejisumbua kuitupia bomu. Marubani walikuja kuwinda manowari. Meli ya mafuta ilikuwa kama mpagazi katikati ya wapiganaji, na nani anapoteza risasi kwa mpagazi? Kwa dharau hiyohiyo waliyaacha matangi ya nchi kavu ya Pearl Harbor, yaliyokuwa na mapipa kama milioni nne na nusu ya mafuta. Nimitz alikuja kusema kwamba kama yangechomwa, vita vingerefuka kwa miaka miwili. Cha kushangaza zaidi ni kwamba Wajapani hao wenyewe wasingefika Hawaii bila meli zao za mafuta, walizokuwa wakijaza matangi kutoka kwazo njiani katika mawimbi ya kaskazini mwa Pasifiki. Walijua thamani ya mafuta yao. Ya adui hawakuyahesabu.

Majuma yaliyofuata yaliwafundisha Wamarekani somo hilo kwa ukali. Kisiwa cha Wake kilikuwa kimezingirwa, na kikosi cha kukiokoa, chini ya Amiri Frank Jack Fletcher, kilifungwa mguu na meli yake ya mafuta, Neches, mkongwe wa mwendo wa kilomita 24 kwa saa. Tarehe 22 Desemba Fletcher alisimamisha safari ili kuzijaza manowari ndogo. Bahari ilichafuka, mipira ikakatika, siku ikapotea. Kesho yake Wake ilisalimu amri. Wanahistoria wangali wakibishana kama kikosi kile kingefua dafu hata kingefika mapema, lakini hakuna anayebisha kwamba kilikwenda kwa mwendo wa Neches. Mwezi uliofuata, tarehe 23 Januari 1942, nyambizi ya Kijapani iliizamisha Neches, na shambulio zima lililokuwa limepangwa dhidi ya Wake likafutwa, kwa sababu hapakuwa na wa kunywesha. Tarehe 1 Machi, meli nyingine ya mafuta, Pecos, ilizamishwa kusini mwa kisiwa cha Krismasi katika Bahari ya Hindi, ikiwa imejaa manusura wa meli iliyozama siku chache nyuma.

Kila meli ya mafuta iliyozama ilizidisha uzito wa zile zilizobaki. Neosho, kijana na mwenye mbio, ikageuka roho ya vikosi vya meli za kubeba ndege, ikiandamana na Lexington na Yorktown kwenye maji ya kusini ambako hapakuwa na bandari ya kujazia.

Wakati huo meli za kubeba ndege za Wajapani zilikuwa kwetu, yaani kwenye Bahari ya Hindi. Mapema Aprili 1942 zilipiga Colombo na Trincomalee nchini Ceylon, zikazizamisha kruza mbili za Waingereza, Cornwall na Dorsetshire, pamoja na meli ya kubeba ndege Hermes. Kikosi cha Mashariki cha Uingereza kikaona Ceylon hapakaliki, kikahamishia makao yake Kilindini. Wazee wa Mombasa waliona bandari yao ikijaa manowari kwa ghafla, na wavunja misimbo wa Kiingereza wakaingia katika majengo ya shule ya Allidina Visram, wakasikiliza redio za Wajapani kutoka pale pale ufukweni. Kabla mwaka huo haujaisha, walikuwa wameuvunja msimbo wa meli za biashara za Japani. Meli mbili kati ya zilizowafukuza Waingereza hadi Kilindini, Shokaku na Zuikaku, ziliondolewa katika msafara huo na kuelekezwa Bahari ya Matumbawe, mashariki ya Australia. Takahashi alikuwa ndani ya Shokaku.

Mpango wa Japani ulikuwa kuuteka mji wa Port Moresby, New Guinea, kwa jeshi la kushuka kutoka baharini. Wamarekani walikuwa wamezisoma baadhi ya simu zao, na Nimitz akamtuma Fletcher na Yorktown na Lexington kuwazuia. Siku za kwanza za Mei, Neosho ilifanya kazi yake kimyakimya: manowari moja inakuja ubavuni, mipira inapitishwa, inakunywa, inaondoka, nyingine inachukua nafasi. Meli ya pili ya mafuta, Tippecanoe, ilikwisha kuondoka. Tarehe 6 Mei Neosho iliijaza Yorktown na kruza Astoria, kisha Fletcher akaiagiza ielekee kusini, mbali na mapambano, ikisindikizwa na manowari ndogo moja tu, Sims. Alikusudia kuilinda. Hakuwa na manowari za kusindikiza za kutosha, na aliamini mahali alikoipeleka palikuwa salama.

Asubuhi ya tarehe 7 Mei, saa 1:22, rubani wa doria kutoka Shokaku aliona meli mbili chini yake baharini. Akapeleka habari: meli moja ya kubeba ndege na kruza moja.

Kosa hilo limechekwa sana na waandishi waliokaa kwenye viti vyao. Lakini jaribu kuiona Neosho kutoka juu ya mawingu: meli ndefu, pana, yenye sitaha bapa katikati, ikienda kwa mwendo wa manowari, na msindikizaji ubavuni. Na kuna jambo ambalo rubani yule hakuweza kulijua. Mwaka huohuo wa 1942, huko Marekani, meli nne za jamii moja na Neosho zilikuwa zikivuliwa sehemu za juu na kujengewa sitaha za kurukia ndege. Zikaitwa Sangamon, Suwannee, Chenango na Santee, zikapigana zikiwa meli za kubeba ndege kwelikweli. Jicho la rubani lilikosea meli. Umbo halikulikosea sana.

Amiri Chuichi Hara, mkuu wa Shokaku na Zuikaku, hakusita. Saa 2 asubuhi alianza kurusha kila alichokuwa nacho: ndege 78, yaani 18 za kivita, 36 za kupiga mbizi na 24 za topido, zote chini ya Takahashi. Zilifika saa 3:15. Zikaiona meli ya mafuta na manowari ndogo, zikaelewa kwamba si zinazotafutwa, zikasambaa baharini kuzitafuta meli za kubeba ndege. Kwa muda wa saa mbili hivi zilizunguka, zikichoma petroli yao, huku watu wa Neosho wakizitazama zikipita na kurudi. Hofu ya aina hiyo haimo kwenye taarifa za kijeshi, lakini saa mbili za kungoja namna ile haziwezi kuwa fupi kwa yeyote.

Saa 4:51 kosa likathibitishwa kwenye meli zao. Ndege za topido na za kivita zikaitwa zirudi. Zile 36 za kupiga mbizi zikaachiwa kilichopo.

Ndege nne ziliishukia Sims, zilizobaki zikaigeukia Neosho. Sims ilipigwa mabomu matatu, ikakatika vipande viwili, ikazama hapohapo. Kati ya watu wake wote, hata 20 hawakusalimika. Neosho ilipigwa mabomu saba. Ndege moja iliyokuwa ikiwaka moto iligonga sitaha yake na kumwaga petroli inayowaka. Mabomu yalivunja vyumba vya boila, mvuke ukapasuka, umeme ukafa, meli ikalala kuelekea kulia.

Humo ndani, Oscar V. Peterson, baharia mwenye cheo wa kitengo cha boila, aliyekuwa akiongoza kikundi cha ukarabati, aliona wenzake wote wameumizwa. Naye alikuwa amejeruhiwa. Palihitajika kufungwa valvu nne za mvuke mkuu, vinginevyo meli isingeweza kushughulikiwa tena. Alizifunga kwa mikono yake, moja baada ya nyingine, ndani ya mvuke uliomuunguza mwili. Alijua valvu zile zitamgharimu nini, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa boila.

Juu, Phillips alitoa amri ya kujiandaa kuiacha meli na kusubiri. Katika moshi na kelele, wengi walisikia nusu ya kwanza tu. Watu walijitupa baharini kwa makumi, vyelezo vya kuokolea vikashushwa bila mpangilio. Phillips alituma boti kuwakusanya, zikarudi zimejaa, lakini giza likaingia kabla ya kuvifikia vyelezo vilivyokwisha kusukumwa mbali na upepo. Jioni akahesabu watu. Kati ya 288 waliokuwa na Neosho asubuhi, 110 walikuwapo, 20 walijulikana wamekufa, na 158 hawakujulikana walipo. Walioongezeka ni 15 wa Sims, waliofika ndani ya boti iliyotoboka wakiongozwa na mwenzao Robert Dicken.

Ni rahisi kumlaumu nahodha kwa amri yenye vipande viwili. Mwandishi huyu anaona lawama kubwa iende kwenye mafunzo: baharia anayetumikia juu ya shehena ya kuwaka amefundishwa na kila aliyemtangulia kwamba meli ya mafuta ikipigwa hulipuka. Aliyeruka alifuata akili yake. Kilichomponza ni kwamba Neosho haikulipuka wala haikuzama. Ilikuwa imekwisha kuwagawia wengine sehemu kubwa ya mafuta, na matangi yaliyobaki matupu yaliishikilia juu ya maji kama maboya. Waliokaa ndani ya kile kilichoonekana kaburi walipona, na waliokimbilia bahari walipotea.

Kosa la pili la siku hiyo lilifanyika kwenye ramani. Kabla redio haijanyamaza, Neosho ilimjulisha Fletcher kwamba inashambuliwa, lakini mahali ilipojitaja hapakuwa penyewe. Manowari Monaghan ilitumwa kuitafuta, ikachana bahari mahali palipotajwa, haikuona kitu.

Siku nne meli ile ilielea na upepo wa kusi, ubavu mmoja ukiwa majini, nyufa zikiongezeka. Wagonjwa wa kuungua walilala sitahani juani. Waliokufa walizikwa baharini. Tarehe 10 Mei ndege ya Australia iliwaona, na kesho yake ndege nyingine ikaiongoza manowari Henley hadi walipo. Henley ikachukua watu 123: 109 wa Neosho na 14 wa Sims. Kisha ikapewa kazi ya kuizamisha meli iliyokataa kuzama. Topido ya kwanza haikulipuka, jambo la kawaida mno kwa topido za Kimarekani mwaka ule, ya pili ikalipuka, mizinga ikamalizia. Peterson alifariki tarehe 13 Mei.

Na wale wa vyelezo? Watu 68 walikuwa kwenye vyelezo vinne vilivyofungwa pamoja, bila maji ya kutosha wala chakula cha maana. Manowari Helm iliwakuta zaidi ya wiki moja baada ya shambulio. Walikuwa wanne. Wawili kati yao hawakuishi muda mrefu.

Sasa tuangalie upande wa pili wa hesabu, maana bila huo habari ya Neosho inabaki msiba tu. Asubuhi ile, wakati ndege zote za Hara zikiwa zimeelekea kusini kumwinda mpagazi, Fletcher naye alikuwa amedanganywa na ripoti potofu ya doria yake mwenyewe, lakini bahati ilimsimamia: ndege zake ziliikuta meli ndogo ya kubeba ndege Shoho, zikaizamisha karibu saa 5:35. Dakika hizohizo Takahashi alikuwa anaipiga Neosho. Laiti ndege 78 zingeelekezwa kwa Yorktown na Lexington asubuhi hiyo, ambazo hazikujua kabisa adui alikuwa upande gani, vita vya Bahari ya Matumbawe vingekuwa na sura nyingine.

Hara alijaribu kufidia jioni. Alituma ndege 27 za marubani wake bora kwenye giza na dhoruba. Zilivamiwa na ndege za kivita za Wamarekani, zikapotea njia, na baadhi ya marubani, kwa uchovu, walikaribia kutua kwenye meli za Kimarekani wakidhani ni zao. Zilizorudi ni 18. Kesho yake, tarehe 8 Mei, pande mbili zilipigana bila meli kuonana. Lexington ikazama, Shokaku ikapigwa mabomu matatu, na Takahashi akauawa. Jeshi la kuiteka Port Moresby likageuzwa nyuma. Shokaku iliyoumia na Zuikaku iliyopungukiwa marubani hazikuweza kufika Midway mwezi mmoja baadaye, ambako Japani ilipoteza meli nne za kubeba ndege.

Si haki kusema Neosho ilishinda vita hivyo. Ilichofanya ni kumeza asubuhi moja ya Wajapani, na asubuhi hiyo ilikuwa ya thamani. Ilisalimika Pearl Harbor kwa kudharauliwa, ikazama Bahari ya Matumbawe kwa kutukuzwa, na mara zote mbili aliyekosea hesabu ni yuleyule.

 Kufikia 1944 meli za mafuta za Wamarekani zilikwenda kwa makundi, zikilindwa na manowari na hata meli ndogo za kubeba ndege, na vikosi vikaweza kukaa baharini kwa majuma mengi bila kurudi bandarini. Wajapani nao hatimaye waliwahesabu wapagazi. Tarehe 20 Novemba 1944, katika ghuba ya Ulithi, topido iliyoendeshwa na mtu aliyejitoa mhanga iliizamisha meli ya mafuta Mississinewa pamoja na watu 63.

Jina la Neosho lilirudi baharini mwaka 1954, likapewa meli mpya ya mafuta iliyokuwa ya kwanza katika jamii yake. Oscar Peterson alitunukiwa Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi nchini mwake, na manowari moja ikaitwa kwa jina lake mwaka 1943. Nishani yenyewe ilipelekwa kwa mjane wake bila sherehe yoyote. Mwaka 2010, miaka 68 baada ya valvu zile kufungwa, jeshi la wanamaji lilikwenda Idaho na kumkabidhi mwanawe nishani hiyo kwa heshima zote.